Nilipoyatoa Masega

Niliyatoa masega ya gari langu, yaani kile kikopo cha chuma kwenye bomba la moshi, kwa hiari yangu. Hayakuibwa, na hakuna fundi aliyenishawishi. Nililipa hela yatolewe, nikayauza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, kisha baada ya muda nikahamisha gari hilo hilo kwenda California, jimbo lililoanza kuweka kiwango cha moshi wa magari mwaka 1966, kabla serikali kuu ya Marekani haijafanya hivyo.

Naandika kwa sababu naona Watanzania na Wakenya wenzangu huku Marekani wakihama jimbo hadi jimbo kufuata kazi, na gari ndilo kitu cha mwisho kuulizwa. Tunauliza kodi ya nyumba. Tunauliza shule, tunauliza kama kuna kanisa au msikiti wenye watu wetu. Gari tunaliona ni la kuwasha na kuondoka. Na mimi nilihama hivyo hivyo. Ila siwezi kusema sikujua.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya 2011, injini ya lita 2.5 yenye tabo, nililonunua Minneapolis likiwa limeshatumika. Nilikuwa nalitamani gari la aina hiyo tangu nikiwa kijana Dar es Salaam, ambako Subaru ikipita usiku watu waliokaa kibarazani hugeuza shingo kwa ule mlio wake wa kugotagota. Nilipolipata, nikataka lilie zaidi. Nilianza kwa kubadilisha boksi la hewa chini ya boneti, jambo ambalo kila kijana mwenye Subaru hulifanya. Baadaye nikafika kwenye bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo, ambalo ndani yake ndimo yalimo masega. Nikaweka bomba tupu. Mlio ukawa ule niliouota, na gari likawa jepesi kukimbia.

Lakini nyuma ya masega kuna sensa ya oksijeni ambayo kazi yake ni kuangalia kama yanafanya kazi. Masega yakitoka, sensa inaiarifu kompyuta ya injini, na taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Kwa hiyo nikanunua kifaa cha kuingiza programu mpya kwenye kompyuta hiyo, programu iliyoiambia isisikilize sensa. Taa ikazimika. Gari lilikuwa bovu na mimi nikalifundisha kusema ni zima. Nilifanya hivyo mwenyewe, nimekaa kwenye kiti cha dereva, kompyuta ndogo mapajani.

Nilikotoka, masega yana sifa mbaya. Kwenye gereji nyingi za Dar, gari likikosa nguvu, mojawapo ya maneno ya kwanza utakayosikia ni kwamba masega yameziba, yatolewe, gari lipumue. Na mafundi wale hawasemi uongo mtupu: masega yaliyoziba kweli hukaba injini. Tena nchi zetu zilitumia petroli yenye risasi hadi mwanzoni mwa 2006, na risasi huua masega moja kwa moja. Nimekua nikiyaona kama kizibo kilichowekwa na Wazungu na Wajapani kwa sababu zao. Sikuwahi kumsikia mtu akisema yanafanya nini.

Basi niseme. Ndani ya kile kikopo cha chuma kuna kauri yenye vitundu vyembamba maelfu, iliyopakwa madini ya platini, paladi na rodi. Moshi unapopita ukiwa wa moto, kaboni monoksidi inageuka kuwa kaboni dioksidi, petroli ambayo haikuungua inaunguzwa, na oksidi za nitrojeni zinarudi kuwa nitrojeni ya kawaida iliyomo hewani. Masega mazima huondoa sehemu kubwa sana ya sumu hizo. Magari ya Marekani yalianza kuyabeba kwa wingi kwenye matoleo ya 1975, na tangu wakati huo mtu anayesimama kituo cha basi nyuma ya gari linalounguruma anavuta hewa tofauti na aliyoivuta baba yake. Hayana faida kwa dereva. Hayaongezi nguvu wala hayapunguzi mafuta. Yamewekwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nadhani ndiyo maana niliona rahisi kuyatoa.

Minnesota haikuniuliza kitu. Eneo la Minneapolis na Saint Paul liliwahi kuwa na kipimo cha moshi cha lazima kuanzia 1991, kikafutwa 1999, na tangu hapo unalipia usajili kila mwaka bila mtu yeyote kuchungulia chini ya gari. Nikaichukua hali hiyo kuwa ruhusa. Haikuwa ruhusa. Sheria ya hewa safi ya serikali kuu inakataza kuondoa vifaa vya kudhibiti moshi katika majimbo yote, Minnesota ikiwemo. Hapakuwa na wa kupima, basi.

Aliyepima alikuwa mke wangu. Gari lisilo na masega hunuka, hasa asubuhi ya baridi injini ikiwa haijapata moto, na baridi ya Minnesota si ya kutaniwa. Nilikuwa naliwasha gereji ikiwa wazi kidogo ili lipate moto, kisha nampakia mtoto. "Baba Imani," aliniambia siku moja akimvua mtoto koti, "huyu ananuka petroli hadi nywele." Nikamwambia ni baridi, magari yote hunuka hivyo wakati wa theluji. Alirudia kuniambia. Nami nikarudia jibu lile lile. Nilikuwa najua si baridi.

Kazi ya California ilipopatikana mwaka 2022, kwenye ghala kubwa upande wa San Bernardino, nilimpigia simu ndugu mmoja wa Mwanza aliyetangulia kuhamia huko. Nilimuuliza kila kitu, na kuhusu gari nikamuuliza kwa kupitia tu. "Kaka, usiwe na wasiwasi," akasema, "unapeleka kwenye kipimo, wanachomeka waya, dakika chache umemaliza." Alisema kweli kuhusu gari lake, Toyota ya familia ambayo haikuwahi kuguswa. Mimi sikumwambia la kwangu likoje. Nilimuuliza swali kwa namna ambayo ingenipa jibu nililolitaka, nikafunga mizigo.

Tuliendesha karibu kilomita 3,000. Tulipoingia California kwa barabara ya 15 kutokea Las Vegas, kuna kituo cha ukaguzi ambako magari yote hupunguza mwendo. Mwanamke mmoja mwenye sare alituuliza kama tumebeba matunda au mimea. Mke wangu akamwonyesha mfuko wa machungwa. Kuhusu gari hakuuliza, nami nikachukua hilo kuwa dalili njema. Saa chache baadaye barabara ikateremka kwenye pengo la Cajon, na bonde lote la San Bernardino likawa chini yetu. Juu yake kulikuwa na utando wa rangi ya kahawia hafifu, umelala sawasawa toka mlima hadi mlima. Mke wangu aliuliza kama kuna moto wa msituni. Hapakuwa na moto siku hiyo.

Utando ule una historia, na ningeisoma kabla ya kuhama ningelielewa jimbo lenyewe. Julai 1943 Los Angeles ilifunikwa na moshi uliowasha macho na koo kiasi kwamba wapo waliodhani Wajapani wameshambulia kwa gesi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech, alionyesha kwamba mvuke wa petroli na oksidi za nitrojeni zikipigwa na jua huzaa ozoni. Yaani ule moshi haukutoka kwenye kiwanda kimoja cha kufungwa. Ulikuwa unapikwa hewani na jua lile lile lililowavuta watu kuhamia huko, na malighafi yake ilitoka kwenye magari yao. Mwaka 1967 gavana Ronald Reagan alitia saini sheria iliyounda bodi ya hewa ya jimbo, ambayo watu huiita CARB, na Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Sheria ya nchi iliipa California nafasi ya kuomba viwango vikali kuliko vya taifa, na mwaka 1977 majimbo mengine yakaruhusiwa kuviiga.

Magari ya sasa ni safi mara nyingi zaidi kuliko ya wakati ule, na hewa imekuwa bora sana. Lakini upepo wa bahari husukuma hewa ya Los Angeles kuelekea bara mpaka igonge milima, na tabaka la hewa ya joto juu huifungia kama kifuniko cha sufuria. Milima hiyo ndiyo ya San Bernardino, wilaya ambayo kwa miaka mingi imekuwa juu kwenye orodha za ozoni mbaya zaidi nchini. Nilikuwa nimeleta gari lisilo na masega mahali penyewe.

Mgeni anayehamia California ana siku 20 za kusajili gari tangu awe mkazi. Gari la petroli likitoka jimbo jingine ni lazima lipimwe moshi kabla ya kusajiliwa mara ya kwanza, hata kama ni jipya kiasi kwamba la mwenyeji wa umri huo lisingedaiwa kipimo kwa miaka kadhaa. Yasiyopimwa ni machache: ya umeme, ya petroli ya 1975 kurudi nyuma, na mengine ya aina hizo. Nilikwenda kwenye kituo kidogo karibu na nyumbani, chenye mlango mmoja. Fundi alikuwa mtu mzima, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni. Aliniambia nisizime injini.

Alifungua boneti. Aliangalia stika iliyo chini yake inayoeleza injini inatakiwa iwe na vifaa gani, kisha akamulika boksi la hewa kwa tochi, akalizungushia macho pande zote, akapitisha kidole juu ya chuma kama mtu anayetafuta maandishi gizani. Baadaye nilijua alichokuwa akitafuta. Kipuri cha namna hiyo kisicho cha kiwandani kinaruhusiwa California kikiwa na namba ya kibali cha CARB kwa gari hilo mahususi, namba inayoanza na herufi D, na mara nyingi hubandikwa kwenye kipuri chenyewe. Changu hakikuwa nayo.

Kisha akazunguka nyuma. Nilitarajia alale chini na kioo chake, na moyoni nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kusema akiuliza. Hakulala. Alisimama hatua moja kutoka kwenye bomba la moshi, akavuta pumzi puani mara moja, akaondoka pale akijipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Hili halina masega," akasema. "Nimelisikia tangu unaingia."

Maneno yote niliyoandaa yakaniishia. Sikuona aibu ya sheria, si wakati ule. Nilimwona mke wangu ameshika koti la mtoto gereji ya Minneapolis. Mtu huyu hakutumia mashine wala sheria ya California. Alitumia pua, kama mke wangu. Tofauti yao ni kwamba kwa fundi nilishindwa kujibu ni baridi. Kwa miaka ile nilikuwa na kipimo cha moshi ndani ya nyumba yangu, kinanipa majibu sahihi, na mimi nikakitolea uongo kila kiliposema. Mtoto alikuwa kwenye kiti cha nyuma. Hilo ndilo kosa. California ilikuwa tu mahali nilipogundulika.

Alimaliza kazi yake kama utaratibu unavyotaka. Alilala chini, akalikuta bomba tupu. Alichomeka waya, na mashine ikasoma programu ya kompyuta ya injini. Tangu Julai 2021 kipimo cha California hulinganisha programu hiyo na ya kiwandani, na ikiwa imebadilishwa bila kibali gari linafeli, hata kama taa haijawaka na kila kitu kingine kiko sawa. Karatasi niliyopewa ilisema mfumo wa kudhibiti moshi umechezewa. Nilimlipa fundi, maana kufeli nako kunalipiwa.

Nilimuuliza kama naweza kutafuta masega yaliyotumika, ya gari lililogongwa. Akanieleza kwamba California hairuhusu kufunga masega yaliyotumika. Na yale ya bei nafuu yanayouzwa mtandaoni kwa ajili ya majimbo mengine hayakubaliki pia, mpaka yawe na kibali cha CARB kwa injini hiyo. Kilichobaki kwangu kilikuwa bomba jipya kutoka kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari. Bei ilikuwa zaidi ya dola 2,000 kabla ya ufundi. Yale ya asili niliyauza kwa fedha ambazo sikumbuki hata zilinunua nini.

Hapa kuna sehemu ambayo mke wangu aliijua baadaye sana. Kazini kuna jamaa aliyesema yupo mtu anayepitisha magari kwa pesa taslimu: wanachomeka mashine kwenye gari jingine zima, au kwenye kifaa kinachojifanya gari, cheti kinatoka kwa jina la gari lako. Nilimpigia mtu huyo. Tulikubaliana bei. Nilitoa hela benki, nikaendesha hadi mahali aliponielekeza, nikakuta geti limefungwa kwa kufuli na tangazo la serikali limebandikwa. Sikukataa. Nilizuiwa na kufuli. Kama geti lingekuwa wazi, ningetoka na cheti cha uongo na gari linalonuka, na kesho yake ningempakia mtoto tena. Nimejaribu kujiambia kwamba ningeghairi mlangoni. Siamini.

Niliporudi nyumbani nilimwambia mke wangu habari ya masega, na nikamwambia alikuwa anasikia harufu ya kweli muda wote ule. Hakugomba. Aliuliza tu, "Ulijua?" Nikasema ndiyo. Akaenda kulala chumba cha mtoto. Wiki kadhaa hatukuwa tunazungumza sana zaidi ya mambo ya nyumba.

Kutengeneza kulichukua muda. Kipuri kiliagizwa, boksi la hewa la kiwandani nililipata kwa mtu, na hilo halina shida likiwa limetumika. Nilirudisha programu ya asili kwa kifaa kile kile nilichoiharibia. Hapo nikafundishwa jambo jingine: ukirudisha programu, kompyuta husahau vipimo vyake vyote vya ndani na inabidi ijipime upya ukiwa barabarani, mwendo wa taratibu, mwendo wa haraka, kuwasha ikiwa baridi kabisa. Gari likipelekwa kabla halijamaliza kujipima, haliwezi kufaulu. Kwa hiyo kuna siku nilikuwa naendesha barabara ya 215 kwenda na kurudi bila pa kwenda, nikisubiri kompyuta ijiridhishe.

Wakati huo wote nilikwenda kazini kwa basi na kwa lifti ya mwenzangu wa zamu, nikimchelewesha mara kwa mara. Siku 20 zilishapita, faini ya kuchelewa kusajili ikaongezwa. Ukijumlisha na kipuri na ufundi, ilikuwa nauli yetu ya kwenda Dar Desemba ile. Mama alikuwa amepaka chumba rangi kwa ajili ya mjukuu asiyewahi kumwona. Nilimwambia likizo imegoma. Mwaka uliofuata nilimweleza ukweli kwa simu. Aliniuliza masega ni nini, nikamweleza, akanyamaza, kisha akauliza kifua cha mtoto kiko salama. Kiko salama. Tulimpeleka kwa daktari kwa sababu hiyo, na hilo nalo nilitakiwa kulifanya mapema.

Gari lilifaulu kwa yule yule fundi wa miwani. Bado ninalo. Lina mlio wa kawaida sasa, na nguvu zake nazipata bila kuzipeleleza kwa sikio. Anayepanga kuhama na gari alilolibadilisha, au alilonunua kwa mtu bila kujua limebadilishwa nini, afungue boneti akiwa bado kwao, atafute namba za vibali, alale chini na tochi, na aulize bei ya vipuri vya asili kabla hajasaini mkataba wa nyumba. Mabomba, boksi la hewa, programu. Asitupe cha asili hata kama kinakula nafasi stoo.

Lile bomba tupu lilikaa gereji kwa muda. Kijana mmoja wa Minneapolis, Mtanzania, alisikia ninalo, akanipigia. "Kaka, niuzie, mimi huku hawapimi." Nikamwambia siliuzi, nimelikata. Nikamweleza harufu, nikamweleza mtoto. Alinisikiliza kwa heshima, akaniambia yeye hana mtoto bado, na tukaagana vizuri. Baadaye nilisikia amelipata kwa mtu mwingine.